Glasi ya Katikati

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mwaka 2012 ambayo haijawahi kunitoka. Nimekaa kwenye gari la shule linalotoka Lodwar kwenda Kakuma, sketi ya sare imejaa vumbi, na katikati ya miguu yangu kuna dumu la manjano. Dumu lile nililishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Ndani yake hamkuwa na maji ya kunywa. Yalikuwa maji ya kemia. Kabla jua halijafika utosini maji yale yote yalikuwa yamenywewa, na aliyeyagawa ni mimi. Keti nikueleze, maana yaliyofuata ndiyo yaliyonilea.

Mwaka ule ulikuwa wa mafuta. Yalikuwa yamepatikana upande wa Lokichar, na kila kijana wa Lodwar aliota kuvaa kofia ngumu na buti za kampuni. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na hamu yangu ilikuwa nyingine kabisa. Nilitaka kuona Kitale. Nilikuwa sijawahi kutoka Turkana. Watu walisema kule mvua inanyesha mpaka mtu anakasirika, na majani yanaota hata juu ya paa, nami sikuweza kuwaamini bila kuona kwa macho yangu.

Shule yetu haikuwa na maabara. Tulikuwa na Madam Nekesa. Alikuwa amekuja kutoka pande za Bungoma, akidhani atakaa muda mfupi, kisha akakaa. Alipofika somo la atomi alitutazama, tukamtazama, akaona kwamba neno elektroni limeangukia mchangani. Akamwita mama mpishi wa shule, aliyevaa shanga shingoni kama mama zetu wote, akamwomba asimame mbele ya darasa.

"Kichwa cha mama ni kiini cha atomi," akasema. "Shanga ni elektroni. Mzunguko wa ndani kabisa haubebi nyingi. Ukijaa, unaanza wa pili, na huo unabeba zaidi."

"Madam, na hidrojeni?" akauliza Esekon, mwenzangu wa deski, kijana ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Hidrojeni ina ushanga mmoja tu."

"Basi hiyo haijaolewa," Esekon akasema, na mama mpishi akacheka kuliko sisi wote. Mpaka leo, nikisikia neno atomi, naona shingo ya mama yule inavyotikisika kwa kicheko.

Asidi na besi tulikuwa tumezisoma kidato cha kwanza kwa kunakili ubaoni. Asidi hubadilisha litmasi ya buluu kuwa nyekundu, besi hufanya kinyume chake. Tuliandika hivyo bila kuiona litmasi yenyewe. Ilikuwa imeagizwa, nayo ilikuwa njiani, na ilibaki njiani.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoipata litmasi yangu. Kwetu ni Kakuma, ng'ambo ya lagga ya Tarach, ule mto wa mchanga unaopata maji wakati wa mvua tu, na likizo nilikuwa nikipita kambi ya wakimbizi kwa Mama Adut. Mama huyu alikuwa ametoka Sudan Kusini, akiuza chai na karkade, kile kinywaji chekundu cha maua makavu ambacho watu wa kwao hunywa chenye sukari nyingi. Siku moja nilijimwagia karkade kwenye blauzi nyeupe ya shule. Nikakimbia kuipaka sabuni ya mche kabla mama yangu hajaona. Doa jekundu likageuka kijani mkononi mwangu. Nilidhani nimeharibu blauzi milele. Nikaikamulia ndimu, maana nilikuwa nimesikia kwamba ndimu hutoa madoa, na doa likarudi kuwa jekundu. Nikapaka sabuni tena. Kijani. Ndimu. Nyekundu. Mama alinikuta nimekaa chini nacheza na doa kama mtoto aliyepata mwanasesere, akanichapa kidogo kwa sababu ya ndimu zake.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza Madam Nekesa. Akaniambia, "Akiru, wewe hujafua nguo. Wewe umefanya jaribio."

Hivyo ndivyo tulivyoingia mashindano ya sayansi ya shule za eneo letu, yaliyokuwa yafanyiwe Kakuma, katika ukumbi mmoja karibu na kambi. Watakaoshinda wangekwenda Kitale. Unaona sasa kwa nini nililishika lile dumu namna ile.

Jaribio letu lilikuwa jepesi. Glasi ya kushoto, maji yenye ndimu. Glasi ya kulia, maji ya majivu yaliyochujwa. Glasi ya katikati, maji matupu. Unadondosha karkade iliyochemshwa ikawa nzito: kushoto inakuwa nyekundu, kulia kijani, na ya katikati inabaki zambarau hafifu, kuonyesha kwamba maji hayako upande huu wala ule. Kule shuleni tulifanya hivyo mpaka Esekon akasema anaweza kulifanya usingizini. Maji tuliyotumia yalitoka visima vya kando ya mto Turkwel, na hayo ndiyo niliyoyajaza kwenye dumu. Madam alisema tusibadilishe chochote.

Lakini njia ile ya kwenda Kakuma unaijua. Gari likipunguza mwendo kwenye lagga, watu wa mifugo hutoka vichakani wakiinua chupa tupu juu. Hawaombi pesa. Wanaomba maji. Tuliposimama kuvuka mchanga, mama mmoja alikuja dirishani kwangu. Alikuwa na mtoto mgongoni na wengine nyuma yake, na mbuzi walikuwa wamejilaza kwenye kivuli chembamba kama watu waliochoka kungoja. Akanisalimu, "Ejok." Nikajibu. Akalitazama dumu langu, kisha akanitazama mimi.

Ningemwambia nini, mwanangu? Kwamba haya ni ya glasi ya katikati? Niliteremka nikamimina. Mtoto wa mgongoni alikunywa kwanza, wakafuata wengine, mama akanywa mwisho. Yaliyobaki aliwagawia wana-mbuzi kwenye kipande cha kibuyu. Madam Nekesa aliniangalia kutoka mbele, hakunizuia.

Niliporudi kwenye kiti Esekon alikuwa amejishika kichwa.

"Akiru, umepea mbuzi kemia yetu."

"Kakuma kuna maji."

"Hata hao mbuzi sasa wanajua kemia kunishinda."

Tulicheka, gari likaondoka, na dumu tupu likawa linagongagonga miguu yangu mpaka mwisho wa safari.

Ukumbini kulijaa watu. Walikuwapo wanafunzi wa shule zetu na wa shule za kambini, Waturkana, Wasudan, Wasomali, Wakongo, na wazazi waliokuja kuona watoto wao wamefanya nini. Babu yangu alikuwa amefika kabla yetu. Alivuka lagga kwa miguu akiwa na fimbo yake na kile kigoda kidogo ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Walimpa kiti cha plastiki, akakitazama, akakiweka kando, akaketi kwenye kigoda chake mbele kabisa, karibu na meza yetu, akitafuna tumbaku.

Inabidi nikueleze babu alikuwa nani. Alikuwa msomaji wa matumbo. Wanaume wakichinja mbuzi chini ya mti wao, matumbo hufunguliwa, na mzee anayejua hutazama mishipa na madoa yake, akasema mvua iko wapi, malisho yako wapi, hatari inatoka upande gani. Watu walimwita babu kutoka mbali. Madam Nekesa, aliyekuwa mtu wa kanisa, alimsalimu kwa heshima na kukaa mbali kidogo na habari hizo.

Tulichota maji kwenye bomba la nje, tukapanga glasi. Majaji walikuwa meza ya jirani, wakitazama tanuri ya jua ya shule nyingine. Madam akasema tujaribu mara moja kabla hawajatufikia. Nikadondosha karkade. Kushoto, nyekundu safi. Kulia, kijani kama majani ya kunde. Katikati, rangi ilizunguka kidogo majini, ikatulia, ikawa kijani.

Haikuwa kijani nzito kama ya majivu. Lakini ilikuwa kijani, na mtu yeyote asiye kipofu angeiona.

Nikamwaga, nikachota tena, nikadondosha tena. Kijani tena. Niliiona Kitale inaondoka na paa zake zenye majani.

Esekon akaniegemea. "Siz, sikiliza. Weka ndimu kidogo. Tone moja tu. Itarudi zambarau."

Alikuwa sahihi, mwanangu. Tone moja la ndimu lingeirudisha, kama nilivyokuwa nikiirudisha kwenye blauzi yangu. Majaji wasingejua. Nikashika kipande cha ndimu, nikakileta juu ya glasi.

"Akiru," babu akaita kwa Kiturkana. "Unafanya nini?"

Nikamweleza kwa haraka, kwa sauti ya chini. Glasi hii ilitakiwa ikae zambarau, imekuwa kijani, naitia ndimu irudi.

"Nani ameiambia iwe kijani?"

"Hakuna, Babu. Imegeuka yenyewe."

"Kwa hiyo imesema." Akaihamisha tumbaku kutoka shavu moja hadi jingine. "Mimi nikichinja mbuzi, nikafungua matumbo mbele ya wanaume, nikaona ukame. Je, niyafunike, nichinje mwingine, halafu mwingine, mpaka nimpate mbuzi wa kusema mvua?"

"Babu, hapo mbuzi wataisha," Esekon akasema.

"Wataisha. Na ukame utakuja vilevile, utanikuta sina mbuzi." Hakucheka. Akanielekezea fimbo. "Anayeyapaka matumbo rangi anayoipenda si msomaji. Huyo ni mchinjaji tu. Wewe umekuja hapa kusoma au kuchinja?"

Madam Nekesa alikuwa amesikia, na Kiturkana alikuwa amejifunza cha kutosha. Akasogea. "Matumbo ya mbuzi mimi siyasomi," akasema. "Lakini ndimu hiyo iweke mezani."

Nikaiweka. Na wakati huohuo majaji wakafika.

Aliyeongoza alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani, mwenye sura ya mtu aliyesikia mengi tangu asubuhi. Nilianza kwa Kiingereza nilichokariri. Akasema niseme Kiswahili ili wazazi nao wasikie. Nikaeleza karkade, nikaeleza ndimu, nikaeleza majivu. Akanyoosha kidole.

"Na ya katikati?"

"Ni maji, sir."

"Mbona ni kijani? Maji si asidi wala si besi. Hukufundishwa hivyo?"

"Nilifundishwa, sir. Kule Lodwar ilikuwa zambarau. Haya ni ya bomba la hapa, na nafikiri yameelekea upande wa besi."

"Unafikiri. Kama glasi ilikuwa na sabuni, je?"

Nilimtazama babu. Alikuwa anatazama glasi, si mimi. "Sina hakika, sir," nikasema. "Naomba nafasi nijue."

Nadhani hakuwa amesikia maneno hayo siku nzima, kwa sababu alivuta kiti akaketi.

Basi ikaanza. Tulibadilisha glasi, tukasuuza, tukachota tena kwenye bomba lile: kijani. Nikasema nahitaji maji ya mahali pengine, na nikalisema kwa sauti ya juu kidogo. Ukumbi ukasikia. Kijana mmoja Msomali akatoa chupa aliyoijaza bomba la kwao upande wa pili wa kambi: kijani hafifu zaidi. Mwingine akakimbilia lagga, ambako wiki ile watu walikuwa wakichimba visima vya mchanga baada ya mvua, akarudi na maji yenye tope, tukayachuja kwa leso ya Madam: kati ya kijani na zambarau, watu wakaanza kubishana ni rangi gani. Kijana wa Kikongo akamimina soda yake nyeupe, ikawa nyekundu kuliko ndimu.

"Basi tunakunywaka asidi kila siku," akasema, akaitazama chupa yake kama rafiki aliyemficha jambo.

Karkade ikakaribia kuisha. Mama Adut, aliyekuwa ameweka mabirika ya chai mlangoni, alikuja na birika lake zima la karkade.

"Chukua, binti yangu. Leo wateja wangu wote wako kwenye meza yako, nitamuuzia nani?"

"Mama, maji yako unayochemshia ni ya bomba?"

"Foleni ya bomba ni ndefu. Juzi mvua iliponyesha nilikinga kwenye pipa, ndiyo natumia."

Nikamwomba maji ya pipa. Akamtuma binti yake, yakaletwa kwenye kikombe. Nikamimina kwenye glasi ileile iliyosingiziwa sabuni, nikadondosha. Rangi ikazunguka, ikatulia. Zambarau.

Mtu akapiga makofi. Mimi naitwa Akiru, na jina hilo kwetu ni mvua, kwa hiyo babu aliinua fimbo akawaambia waliokaa nyuma yake kwamba mjukuu wake amejitetea mwenyewe. Jaji mwenye miwani akainama juu ya glasi hizo zote zilizopangwa sasa mpaka ukingo wa meza, nyekundu, zambarau, kijani hafifu, kijani nzito, akazitazama kama mtu anayesoma gazeti.

"Sasa niambie kwa nini," akasema.

Hapo nilirudi kwenye shingo ya mama mpishi. Nikasema kwamba asidi inamwaga majini chembe za hidrojeni zilizovuliwa ushanga wao wa pekee, na hizo ndizo zinazoifanya karkade iwe nyekundu. Kwamba majivu yana chumvi zinazozimeza chembe hizo. Na kwamba maji ya chini ya ardhi yetu yamelala kwenye mawe muda mrefu yakilamba chumvi za namna hiyo, lakini ya mvua bado hayajalala popote. Nusu ya maelezo hayo niliyajua kutoka kwa Madam. Nusu nyingine niliielewa nikiwa naisema.

Babu hakuwa amemaliza. Alisimama, akatoa kwenye kifuko chake kipande cha magadi ambayo wazee huchanganya na tumbaku, akakiweka mezani. "Na hii inasema nini?" Nikakiyeyusha, nikadondosha. Ikawa kijani iliyokolea, ikapita ya majivu, ikaanza kuelekea manjano.

"Babu," Esekon akasema, "mdomo wako ni maabara."

Nilimwona babu akicheka meno yote nje, mbele ya majaji, na jaji mwenye miwani akacheka naye. Kisha jaji akafungua chupa yake mwenyewe ya maji, akanisogezea. Alitaka kujua na yeye.

Tulishinda. Wakati wa kutangaza, jaji alisema shule nyingi zilileta majibu kutoka nyumbani, na sisi tuliyatafuta mbele yake. Esekon alisema yule mama wa kwenye lagga abarikiwe yeye na mbuzi wake, kwa sababu kama dumu lingefika limejaa, glasi ya katikati ingekuwa zambarau, tungesema tuliyokariri, na tungerudi Lodwar bila kujua chochote kuhusu maji tunayokunywa. Mara moja maishani mwake Esekon alisema jambo ambalo sikuweza kumbishia.

Kitale niliiona. Ni kweli majani yanaota juu ya paa. Lakini nataka nikueleze njia ya kwenda. Tulipita Lokichar kati ya malori ya kampuni ya mafuta, na tulipokaribia Kalemng'orok gari likapunguza mwendo, mzee mmoja akatoka kichakani na chupa tupu. Safari hiyo nilikuwa na madumu mawili. Moja la jaribio, moja la njia. Niliteremka nikajaza chupa yake, naye akaniombea palepale kwenye vumbi.

Hayo mawili ndiyo ninayokuachia, mwanangu, sasa unapoanza kidato chako cha kwanza. Utafundishwa kwamba kila glasi ina rangi yake inayotakiwa. Jifunze vizuri, nakili ubaoni, usidharau. Lakini siku glasi yako itakapotoa rangi usiyoitaka, katika kemia, katika kazi, hata katika nyumba yako mwenyewe, usikimbilie ndimu. Isimamie, isuuze, ijaribu kwa maji mengine, na ukiulizwa na huna hakika, sema huna hakika, kisha omba nafasi ujue. Hakuna aliyewahi kunidharau kwa maneno hayo. Na la pili, unapokwenda kutafuta elimu, beba pia maji ya njiani. Mwenye kiu hawezi kungoja umalize jaribio.

Wazee wetu wakibariki, mmoja hutaja na wengine huitikia. Babu hayupo tena, kwa hiyo leo nitataja mimi, nawe uitikie kama alivyonifundisha. Sema imekuja.

Mvua imekuja? Imekuja.

Macho ya kuona kilichopo yamekuja? Yamekuja.

Mkono wa kummiminia mwenzako umekuja? Umekuja.

Na ubaya wote, uliofichwa na ulio wazi, umeondoka na jua linalozama? Umeondoka.

Nenda basi. Glasi ziko kwenye kabati, karkade iko kwenye kopo jekundu. Ndimu niachie mimi mama yako.